"Himself" Si "Mwenyewe" Tu

Barua za Kiingereza ziandikwazo na vijana wetu wa Kinondoni na Temeke, za kuomba kazi au za kuaga kazini, zina kosa moja tulionalo mara kwa mara, wala si kosa la herufi. Ni maneno kama "myself" na "himself" kuwekwa pasipo mahali pake. Wengi husema ni uvivu wa wanafunzi. Sisi twaona kosa huanzia ubaoni, mwalimu anapoandika "himself" na kando yake "mwenyewe", kisha akaendelea na somo jingine.

"Mwenyewe" ni nusu ya jambo tu. Tukisema, "Mwalimu mwenyewe alikuja," Mwingereza naye husema, "The teacher himself came," na hapo maneno yalingana. Lakini Kiswahili kina chombo kingine, ile silabi -ji- ikaayo ndani ya kitendo mahali pa yule atendwaye, kama Bibi Ashton alivyoeleza katika sarufi yake ya 1944. Alimkata; alijikata. Silabi moja yatupa watu wawili, nyingine mtu mmoja. Kiingereza hakina silabi hiyo, na neno lile lile "himself" hufanya kazi zote mbili. Basi mwanafunzi aliyefundishwa "mwenyewe" peke yake, akitaka kusema "alijikata", huandika, "He cut him." Tuseme karani wa kiwanda huko Chang'ombe aandika hivyo katika taarifa ya ajali. Msomaji atauliza, ni nani huyo aliyemkata mwenzake? Na mtu aliyeumia kazini atajikuta ana kesi ya ugomvi.

Wako pia walioangukia upande wa pili, wadhanio kwamba kila -ji- yataka "self". Kujifunza ni "to learn" tu. Kujiunga ni "to join". Na kujitahidi asili yake ni Kiarabu, wala ji yake haimrudii mtendaji hata kidogo. Baya kuliko yote ni kujiuzulu. "I resigned" maana yake nimeacha kazi. "I resigned myself" maana yake nimeyakubali yaliyonipata, sina la kufanya. Mkuu apokeaye barua ya namna hiyo aweza kudhani mwandishi yungali kazini, ila amechoka.

Na ile -ana ya kutendana je? Majirani walisaidiana msibani, kijana akaandika, "The neighbours helped themselves." Mwingereza ataelewa kwamba walijipakulia chakula pasipo kungoja kukaribishwa! Ilimpasa kuandika "each other". Kwa hiyo mwalimu na aanze na sentensi za Kiswahili, awaulize watoto kama wasikia -ji-, au -ana, au mkazo wa mwenyewe, kabla Kiingereza hakijaguswa.

Tena -ji- yetu ni moja kwa nafsi zote: najiona, wajiona, twajiona. Kiingereza hubadili kila mara, hata "you", lisilotofautisha mmoja na wengi, hugawanyika likifika hapa: "yourself" kwa mmoja, "yourselves" kwa wengi. Jambo hili lastahili somo zima, nalo hupewa dakika tano.

Kadi za arusi nazo zatuudhi: "Myself and my wife invite you." Hapo hapana -ji- wala mkazo. "My wife and I" yatosha, na mpiga chapa atabakiza wino.