Majengo ya Umma na Swali la Cheti

Ndugu zetu wengi wakisikia "jengo la kijani" huuliza kwanza kama lina cheti. Hili si kosa dogo. Ni kasumba ile ile ya kuheshimu kipimo kabla ya kuuliza kinapima nini, na kwa faida ya nani.

Tuchukue kiwango cha EDGE, kilichobuniwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lililo katika Kundi la Benki ya Dunia. Kinadai jengo liokoe asilimia 20 ya nishati na ya maji, na lipunguze pia athari ya utengenezaji wa vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Dai hili hatulikatai. Lakini jengo la kawaida ni lipi? Ikiwa tumekwisha kukubali kwamba ofisi ya Serikali ni sanduku la vioo lisilofunguka madirisha, linalopozwa kwa mashine kutwa, basi kuondoa humo sehemu moja katika tano ni kumpunguzia mlafi tonge. Mlafi yu pale pale, na bili yake hulipwa kwa kodi ya mkulima.

Soko Kuu la Kariakoo, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, halikuwa na cheti. Vyeti vya namna hiyo vilikuwa havijazuliwa. Paa lake la miavuli ya zege liliwapa wauzaji kivuli, likaacha hewa ya moto ipande na kutoka, tena likakinga maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi. Kazi tatu, bila mota. Hatusemi lilikuwa kamilifu. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, na kiwango kinachosahau kinga ya moto na matengenezo ni nusu ya kiwango.

Wapo watakaosema soko si ofisi, nyaraka na kompyuta haziwezi kuachiwa upepo. Ni kweli. Lakini Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, adui wa kuta ni jua la asubuhi na la jioni. Kuelekeza pande ndefu za jengo kaskazini na kusini hakuhitaji fedha za kigeni. Kunahitaji uamuzi kabla msingi haujachimbwa, na hapo ndipo viongozi wetu huwaachia wachoraji wenye picha za miji ya ng'ambo.

Sisi wakufunzi tuliwahi kuendesha semina katika ukumbi mpya wa namna hiyo. Umeme ulikatika saa nane mchana, tukahamia chini ya mwembe. Somo la siku ile lilikuwa kujitegemea.

Kwa hiyo zabuni ya kila jengo la umma ieleze chumba kitakuwa na joto kiasi gani saa nane mchana pasipo umeme. Na baada ya mwaka mmoja, bili ya umeme ibandikwe mlangoni, pembeni ya cheti.