'Ujirani Mwema' wa Nkomati

Katika Mkataba wa Nkomati, neno linalonikera ni 'ujirani mwema'. Machi 16, 1984, Samora Machel wa Msumbiji na P.W. Botha wa Afrika Kusini waliahidiana eti hakuna atakayewasaidia maadui wa mwenzake. Usawa huo ulikuwa wa kisarufi tu. Pretoria ndiyo iliyokuwa ikiwapa silaha waasi wa Renamo, kisha ikaja kuuza amani. Bei yake, ANC ibanwe Maputo. Msumbiji ililipa. Daftari zilizonaswa Gorongosa mwaka 1985 zilifichua kwamba waasi waliendelea kusaidiwa. Basi msomaji, ukikuta 'pande zote mbili' mkatabani, jiulize: rungu lilikuwa mkononi mwa nani? Muungwana ni vitendo.