Kupima Utulivu

Mpigapicha akiisifu tripodi yake huanzia kwenye uzito. Atakupa uishike, uone ilivyo nyepesi. Sifa hiyo ni ya haki. Ndege ndogo zinazoruka kwenda Serengeti au Ruaha kwa kawaida humruhusu abiria mzigo wa kilo 15 tu, na huko Kilimanjaro kila gramu unayoipunguza ni nafuu kwa bega la mpagazi. Lakini wepesi huthibitishwa na mizani kwa dakika moja, wala mizani haihitaji mjuzi. Utulivu ndio wenye kazi. Utulivu hutafutwa, na kuutafuta ni ufundi kamili wenye subira yake, masikio yake na uaminifu wake. Naupenda ufundi huu, na nasikitika kuona unavyosahaulika, maana ukifanikiwa hauachi alama yoyote pichani. Mtazamaji wa picha iliyotulia huona mawimbi, huona mlima. Haoni miguu mitatu iliyosimama imara chini ya kamera, sembuse mtu aliyeikagua.

Nyuzi za kaboni zenyewe ni jambo la kustaajabia. Mwaka 1958 Roger Bacon, mwanafizikia wa kampuni ya Union Carbide nchini Marekani, alitengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa isiyo ya kawaida. Miaka michache baadaye Akio Shindo wa Japani alionyesha namna ya kuzipata kutokana na nyuzi za akriliki, na njia ya namna hiyo ndiyo viwanda vinavyoitegemea zaidi mpaka leo. Uzi mmoja una unene wa mikromita 7 hivi, kama sehemu moja ya kumi ya unywele. Maelfu kwa maelfu hulazwa pamoja, hushikanishwa kwa gundi ya epoksi, huviringishwa kuwa bomba, kisha bomba huokwa likakauka na kukakamaa. Sentimita moja ya ujazo wa mchanganyiko huo ina uzito wa gramu 1.6 hivi, ya alumini ina gramu 2.7. Nusu ya uzito wa Boeing 787, ndege ambayo Air Tanzania imekuwa ikiirusha tangu 2018, ni vitu vya ukoo huu wa nyuzi na gundi. Kwa wapigapicha neema hiyo ilifika mwaka 1994, kampuni ya Gitzo ilipoleta tripodi ya kaboni.

Ila kaboni si kitu kimoja. Nyuzi zilizolala kufuata urefu wa bomba huuzuia mguu usipinde. Zilizozungushwa mshazari huuzuia usijisokote. Fundi wa kiwandani huchagua tabaka ngapi zilale na ngapi zizunguke, na uchaguzi wake umefichwa ndani. Ile mirabaraba myeusi inayong’aa kwa nje, inayowavutia wanunuzi, mara nyingi ni tabaka la urembo. Maandishi ya kwenye kasha nayo hayasaidii sana. Yatakuambia tripodi inabeba kilo kadhaa, lakini kila kiwanda hufikia namba hiyo kwa njia yake, na kubeba si kutuliza. Tripodi inaweza kubeba kilo 20 bila kuvunjika na bado ikatetemeka chini ya kamera ya kilo mbili. Ndiyo maana lazima apatikane mtu wa kuipima.

Kazi huanza kwa sikio. Naufungua mguu mzima na kuugonga kwa kifundo cha kidole kutoka juu hadi chini, kama mama anunuaye chungu sokoni anavyokigonga kusikia kama kina ufa. Mguu mzima hulia kwa mlio mkavu, mfupi, usiobadilika ghafla njiani. Pale ambapo tabaka zimeachana, au gundi ya kiungo haikushika sawasawa, mlio hufa na kuwa mzito. Mafundi wa ndege nao hukagua hivyo, wakigonga kwa sarafu au kinyundo kidogo, na inanifurahisha kwamba kitu cha kisasa namna hii bado kinajieleza kwa mtu anayesikiliza tu. Baada ya hapo ni mikono: kufunga kila kiungo, kushika mabomba mawili yanayokutana na kuyasokota kinyume, kuhisi kama yanacheza. Kiungo kinachocheza kidogo leo kitacheza sana kesho.

Halafu huja macho, nayo yanahitaji msaada, kwa kuwa mtikisiko unaoharibu picha ni mdogo kuliko uwezo wetu wa kuuona. Hapa hutumika tochi ndogo ya leza. Unaifunga juu ya kamera kwa utepe, unaielekeza kwenye ukuta ulio mita 10 mbele, kisha unaugonga mguu na kulitazama doa jekundu. Fikiria doa limesogea milimita moja tu. Kwa lenzi ya milimita 400, kuyumba huko kunaisogeza taswira mikromita 40 ndani ya kamera. Kama pikseli zako zina upana wa mikromita 4, taswira imepita juu ya pikseli 10. Jicho la ndege tayari limekuwa doa la ukungu. Kwa hiyo unalitazama lile doa jekundu kwa makini, na umbali linaorukia hauna uzito kama muda linaouchukua kutulia. Tripodi nzuri hushtuka ikanyamaza. Tripodi mbaya hushtuka ikaendelea kuimba. Kaboni iliyofungwa vizuri huumeza mtetemo upesi kuliko alumini, na mara ya kwanza ukilishuhudia hilo ukutani, mbele ya macho yako, unaelewa kwa nini watu hulipa pesa nyingi hivyo.

Ugumu mkubwa ni kujua nani alaumiwe. Picha ikitikisika, washtakiwa ni wengi: mguu, kiungo, nguzo ya kati, kichwa cha gololi, bamba linaloshika kamera, kioo cha ndani ya kamera kinachoruka wakati wa kupiga, kidole kilichobonyeza, upepo, ardhi. Anayepima kwa pupa huilaumu miguu kwa kosa la kichwa, na nimewasikia watu wakiacha miguu mizuri kwa sababu ya bamba lililolegea. Mpimaji hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwanza anaiweka kamera juu ya ukuta wa saruji, bila tripodi, na kupiga; picha hiyo ndiyo shahidi, inayosema lenzi ina ukali kiasi gani ikiwa haina sababu ya kutikisika. Kisha anaipandisha tripodini na kupiga kwa kuacha sekunde 10 zipite kabla shata haijafunguka. Anapiga nguzo ikiwa chini, anapiga nguzo ikiwa juu. Anapiga kwa kasi ya 1/125, 1/60, 1/30, akishuka hadi sekunde nzima, kwa kuwa hatari haigawanyiki sawa: kasi kubwa huukwepa mtetemo, nayo picha ya sekunde 30 huuzamisha mtetemo wa mwanzo katika muda mrefu wa utulivu. Balaa hukaa katikati, baina ya 1/60 na sekunde moja hivi, pale mtetemo na shata vinapokutana. Ni kazi ya kurudia na kuandika. Kwangu uzuri wake uko hapohapo, katika kukataa kusema “ni mguu” mpaka mengine yote yamepewa nafasi ya kujitetea.

Lakini ukuta na sakafu ni vya ndani, na tripodi ya nje ipimwe nje. Sehemu ninayoiamini kuliko zote ni Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, msimu wa kusi. Siku za bamvua bahari hupwa ikaenda mbali kuelekea mwamba, na kinamama wa mwani hutoka kwenda kwenye vigingi na kamba zao. Mwanga ni mzuri, mchanga ni laini kama unga, na upepo hauombi ruhusa. Jirani pale Paje watu hutoka ng’ambo kuja kuufuata upepo huohuo kwa matanga yao. Hakuna maabara iliyo na mambo yote hayo pamoja.

Hapa ndipo unapoona kwamba kanuni za nchi kavu hazitoshi. Kwenye ardhi ngumu hufunguliwa kwanza vipande vinene vya juu, kwa sababu ni vikakamavu. Mguu ukirefuka mara mbili, nguvu ileile huupinda mara nane. Ufukweni huwezi. Ukiacha vipande vyembamba vya chini vimejificha, viungo vyote vinakaa majini, vinakunywa chumvi na kutafuna mchanga. Inabidi ufungue vile vyembamba kwanza ili viungo vikae juu ya maji, yaani unaisimamisha tripodi katika umbo lake dhaifu. Basi ipimwe katika umbo hilo. Tripodi iliyopata sifa zote ikiwa imesimama kwa miguu minene bado hatujui lolote kuihusu huku.

Maji nayo yana ujanja. Kila wimbi likirudi huondoka na mchanga wa chini ya soli, na mguu mmoja huzama polepole huku picha ikiendelea kuchukuliwa. Dawa ni kuigandamiza miguu chini kabla, kwa uzito wa mwili, mpaka ikatae kushuka, halafu kusubiri mawimbi kadhaa yapite. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, hivyo kila kinachopepea kiondolewe, kwanza ule mkanda wa shingoni ambao watu huuacha ukining’inia. Mkoba unaotundikwa kwenye kulabu ya katikati nao unapimwa: ukielea hewani huyumba na kuivuta kamera, ukiushusha ukagusa mchanga, unatulia na kutuliza.

Milimani mtihani ni mfupi zaidi. Alfajiri pale Irente, juu ya Lushoto, ukungu ukipanda kutoka bondeni, unataka kujua kama mkono baridi unaweza kufungua viungo bila taa, na kama bomba linashikika. Kaboni haiunyang’anyi mkono joto kama alumini, na mtu aliyesubiri jua huko juu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kurudi pwani, kazi kubwa inayobaki ni ya chumvi. Kaboni na pete za alumini zinazoishika, zikikutana ndani ya maji ya bahari, huwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Dalili yake ni unga mweupe kwenye maungio, na hauonekani jioni ileile. Kila nikitoka baharini naifungua miguu yote, naisuuza kwa maji baridi ya bomba, naianika kivulini ikiwa vipande vipande, na kabla ya kuifunga tena naangalia pete moja moja. Hukumu yangu kuhusu tripodi ya kaboni siiandiki kabla haijapitiwa na kusi moja na kaskazi moja, viungo vikiwa vimekula mchanga wa kutosha na bado vinafunga kwa robo ya mzunguko.