Dakika Tatu za Ndimu

Ukifika Lima na mfuko ukakuruhusu kula kwenye mgahawa wa daraja la juu, usiombe meza ya dirishani. Omba kiti cha kaunta, pale wanapokatia samaki. Dirishani utaiona Pasifiki, na hiyo unaweza kuitazama bure ukiwa barabarani. Kaunta utaona ceviche ikitengenezwa, na hapo ndipo utakapojua kama bei iliyokushtua kwenye menyu ni ya kazi au ni ya mapambo.

Nasema hivyo kwa sababu ceviche haina pa kujificha. Ni samaki, chumvi, ndimu, pilipili na kitunguu, basi. Hakuna moto, wala tui zito la kufunika kosa. Mgeni wa mara ya kwanza, hasa sisi tuliolelewa kwa samaki wa kupaka na wa kukaanga, akiletewa sahani huwa na swali moja: huyu ameiva au hajaiva? Jibu ni kwamba ameiva nje, ndani bado mbichi, na mpishi amekusudia iwe hivyo. Namna anavyofikia hapo ndiyo inayostahili kuchambuliwa.

Kwenye mgahawa nilioketi, Miraflores, mtaa wa wenye nazo, mpishi wa kaunta alikuwa na bakuli la chuma lililokalishwa juu ya barafu. Samaki alikuwa corvina, mwenye minofu mieupe iliyokaza. Aliikata vipande vya mraba, kila kimoja kadiri ya ncha ya kidole gumba, akavitia bakulini. Kwanza chumvi. Akavipindua kwa kijiko, akasubiri kidogo. Ikafuata pilipili ya ají limo iliyokatwa ndogondogo, pamoja na majani ya giligilani. Ndimu zilikuja baadaye: alizikata nusu, akazikamua kwa mkono mara moja tu, akazitupa zikiwa bado na maji. Akamimina upawa mmoja wa leche de tigre, mchuzi mweupe uliokwisha kutayarishwa, akadondosha kipande cha barafu, akakoroga, akakiopoa kabla hakijayeyuka. Kitunguu chekundu kilichokatwa vyembamba na kusuuzwa kwa maji baridi kiliingia mwisho kabisa. Akaonja, akaongeza chembe ya chumvi, sahani ikatoka. Yote hayo hayakuzidi muda wa kusoma ukurasa mmoja wa gazeti.

Unaweza kudhani ni maringo ya mpishi. Lakini kila hatua ina sababu, na ukiupangua mpangilio unapata chakula kingine.

Chumvi inatangulia kwa kuwa protini za nyama ya samaki huyeyuka kidogo zinapokutana nayo. Uso wa kipande unaanza kunata, nyama inakuwa na mkazo, na ladha inaingia kabla ukali wa ndimu haujatawala. Kisha inakuja ndimu yenyewe. Maji yake ni makali sana, pH yake ikiwa karibu 2, na asidi hiyo inazikunjua protini za samaki na kuzifanya zishikane upya kwa mpangilio mwingine. Moto nao hufanya kazi ya namna hiyo, ndiyo maana nyama iliyokuwa inapitisha mwanga inageuka nyeupe mbele ya macho yako. Tofauti ni mwendo. Asidi hupenya taratibu kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo mpishi anaweza kuamua isimame wapi. Baada ya dakika mbili tatu umegeuka utando mwembamba tu. Ikifika robo saa utando umenenepa na kiini kimepungua. Ukimwacha samaki saa nzima au zaidi, nyama inakamuka maji yake, inakuwa kavu, inasagika mdomoni.

Kule kukamua ndimu nusunusu nako kuna maana. Maganda yana mafuta makali na weupe wake una uchungu, na ukiibana ndimu mpaka tone la mwisho unavikamulia vyote humo humo. Wapishi wa Lima hutumia ndimu ndogo za kijani, hizi hizi zinazouzwa kwa mafungu Kariakoo, na huona afadhali kuzipoteza nyingi kuliko kuharibu bakuli moja. Barafu nayo inaipunguza asidi mwendo, inaibakiza nyama ikiwa imekaza, na matone machache yanayoyeyuka yanalainisha ukali.

Zamani haikuwa hivi. Ceviche ya Lima ya vizazi vilivyopita ililazwa kwenye maji machachu kwa saa nyingi, mara nyingi ya machungwa machachu badala ya ndimu, hadi samaki akaiva kabisa. Kilichobadilisha mambo kina chanzo zaidi ya kimoja, ila huwezi kuwaruka Wajapani. Mwaka 1899 meli ya Sakura Maru ilitia nanga Callao ikiwa na vibarua 790 waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya pwani. Wengi, mikataba ilipokwisha, waliingia mjini wakafungua maduka na vijimkahawa. Walikuja na kisu cha kukatia samaki na imani kwamba samaki aliyetoka baharini leo hahitaji kuhangaishwa. Humo ndimo mapishi yanayoitwa Nikkei yalimokulia, na humo pia yumo tiradito, binamu ya ceviche: samaki hukatwa vipande vipana vyembamba, hutandazwa kwenye sahani, na mchuzi humwagwa juu dakika ya mwisho bila kitunguu. Humberto Sato wa mgahawa wa Costanera 700 anatajwa miongoni mwa waliolifikisha pishi hilo kwenye meza za matajiri. Maido, mgahawa wa Mitsuharu Tsumura ulioko Miraflores, ulishika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2025 katika orodha ya The World's 50 Best Restaurants kwa mapishi ya ukoo huo huo.

Sitawapa Wajapani sifa zote. Mkondo baridi wa Humboldt unapita karibu na ufuko, nao huibua virutubisho kutoka kilindini, kwa hiyo samaki wako jirani na ni wengi. Desturi ya cebichería, yaani migahawa ya ceviche, za Lima ni kufungua mchana tu: samaki wa alfajiri huliwa adhuhuri, jioni mlango umefungwa. Mpishi Gastón Acurio alipofungua La Mar mwaka 2005 aliuinua mgahawa wa namna hiyo kwa huduma na mandhari, lakini ile saa ya mchana hakuigusa.

Lakini uchache wa dakika peke yake usingetosha, na hapa ndipo ninapoona ufundi mkubwa kuliko wote. Ukimlaza samaki kwenye ndimu kwa saa nyingi, nyama inaharibika, lakini mchuzi unanoga, kwa kuwa maji ya samaki, chumvi na ndimu yamepata muda wa kuchanganyika. Ukimtoa baada ya dakika tatu, nyama inakuwa nzuri na mchuzi unabaki maji ya ndimu matupu. Wapishi wa leo wametenganisha kazi hizo mbili. Mabaki ya samaki, vile vipande vya mkiani na vya kando visivyofaa kukatwa mraba, vinatiwa kwenye blenda pamoja na ndimu, selari, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, vikonyo vya giligilani, pilipili na barafu. Inasagwa kwa muda mfupi isije ikapata joto, kisha inachujwa. Hiyo ndiyo leche de tigre, na weupe wake unatokana na protini za samaki, maziwa hayamo. Mabaki yanatolewa kafara ili mchuzi upate ladha, mnofu wa thamani unaguswa tu. Mchuzi huo unaandaliwa kabla wageni hawajafika, ndiyo maana kazi ya mbele yako inaonekana nyepesi.

Ukishajua hilo, kuukagua mgahawa hakukupi shida. Kata kipande kimoja katikati: ukikuta weupe umeingia hadi kiini, samaki alilazwa mapema, au sahani ilikaa ikimsubiri mhudumu. Mchuzi ukiwa mchungu, ndimu zilibanwa mno au zilikamuliwa tangu asubuhi. Kitunguu kilicholegea kinasema hayo hayo. Vyombo vya kifahari havibadilishi chochote hapo.

Viazi vitamu na mahindi yanayozunguka sahani si pambo. Sukari ya kiazi inatuliza asidi na pilipili, mahindi makubwa ya choclo yanakupa kitu cha kutafuna, na cancha, mahindi makavu yaliyokaangwa, yanaleta mlio. Kiazi hicho, kwa taarifa yako, kinatuunganisha na Lima kuliko tunavyofikiri. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa huko mwaka 1971 kina ofisi Nairobi pia, na mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa.

Vilivyobaki mezani navipitia haraka. Causa ni viazi vya njano vilivyopondwa na ndimu na pilipili. Ni kitamu, hakina fumbo. Lomo saltado ni nyama iliyorushwa kwenye karai la Kichina kwa moto mkali na sosi ya soya, na huletwa na wali pamoja na chipsi kwenye sahani moja, jambo litakalomfurahisha Mswahili yeyote. Anticucho usiikose: ni mishkaki ya moyo wa ng'ombe iliyolazwa kwenye siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili ya ají panca, na historia yake inahusishwa na Waafrika waliokuwa watumwa Lima. Asiyekunywa pombe aagize chicha morada, kinywaji cha mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu.

Wapo watakaokuambia uanze na mgahawa wa Central wa Virgilio Martínez na Pía León, ulioongoza orodha ile ya The World's 50 Best Restaurants mwaka 2023, ambako kila sahani inawakilisha mwinuko fulani wa nchi, kutoka chini ya bahari hadi juu ya Andes. Ni kazi kubwa ya utafiti. Kwa mtu wa mara ya kwanza, hata hivyo, ni kama kusoma ufafanuzi kabla ya kitabu chenyewe. Ceviche kwanza.

Sasa wale wanaotaka kujaribu nyumbani. Ndimu huigeuza nyama rangi na mkazo, haiui minyoo ya Anisakis wala haimalizi bakteria wote. Peru yenyewe ilionja machungu ya chakula na maji machafu kwenye kipindupindu cha mwaka 1991, kilichoua karibu watu 3,000, na ceviche ya mitaani ilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friza nyingi za nyumbani, mlango ukifunguliwa kila saa na umeme ukikatika, haziwezi kuahidi hivyo. Mwenye wasiwasi aanze na pweza. Hata Lima ceviche ya pweza hutengenezwa kwa pweza aliyekwisha kuchemshwa akalainika. Hapo ndimu inabaki na kazi ya ladha tu, na leche de tigre unaweza kuifanyia mazoezi kwa maji aliyochemshiwa, yakishapoa kabisa.