Nyekundu Mbili

Anayeunda picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, amekwisha kulizoea swali hili: "Rangi hizi ni za kweli?" Mara nyingi muulizaji ana jibu lake tayari, anangoja tu fundi akiri kwamba ametia chumvi. Swali ni zuri, ila ndiyo haitoshi kulijibu, na hapana vilevile.

Tuchukue Nguzo za Uumbaji, picha iliyopigwa kwa darubini ya Hubble tarehe 1 Aprili 1995 katika kazi ya wanaastronomia Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Ni minara ya gesi baridi na vumbi ndani ya Nebula ya Tai, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 6,500. Kamera yenyewe haikujua rangi; ilijua mwanga mwingi na mwanga haba, basi. Tunachokitazama ni picha 32 za nyeusi na nyeupe zilizounganishwa.

Rangi zilitokana na vichujio. Nyota changa za hapo humwaga mionzi mikali inayopokonya atomi elektroni zake, na kila elementi hujibu kwa mwanga wake maalumu: haidrojeni nanomita 656, salfa karibu 672, oksijeni 501. Kichujio chembamba hupitisha mwanga wa mmoja tu kati ya hao, wengine huwafungia mlango.

Sasa angalia tatizo. Mwanga wa haidrojeni ni mwekundu, na wa salfa ni mwekundu pia. Jicho haliwezi kuutenga huu na ule. Ukiipa kila gesi rangi yake ya asili, nyekundu mbili zitamezana, na habari ya nani yuko wapi itapotea humo. Hivyo salfa ikapewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Mpangilio huo haukubuniwa ovyo: wimbi refu zaidi limepata nyekundu, fupi zaidi buluu.

Msusi wa mikeka angeelewa upesi. Hakuna mkindu uliozaliwa na chane za zambarau. Kila rangi huchemshwa katika chungu chake kabla ya kusuka. Lakini chane zikishatiwa rangi, ndipo jicho linapoona ipi imepita juu na ipi imejificha chini. Rangi ni ya kuongezwa, msuko ni wa kweli.

Leo kazi hii ya kupiga picha za nebula hufanywa hata juu ya paa la nyumba mjini, kwa darubini ndogo, kwa kuwa kichujio chembamba hicho hicho huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za barabarani. Fundi hupiga picha za dakika tano tano, usiku baada ya usiku, kisha huzilundika. Hesabu yake haina huruma: ukitaka chenga zipungue kwa nusu, ongeza muda mara nne. Hupiga nyingine huku darubini imefunikwa, ili ajue kelele za kamera yake azitoe. Na nyingine za mwanga ulio sawa kote, zimwonyeshe vumbi lililokaa kwenye vioo. Yaani kabla ya kuihukumu mbingu, anahesabu kasoro za chombo chake.

Kisha huja jaribu. Haidrojeni kwa kawaida ina nguvu kuliko wenzake. Ukiiacha, picha nzima inageuka kijani. Ukiwainua salfa na oksijeni wasikike, nyota zinageuka waridi iliyokolea. Hapo fundi huamua, na mafundi wawili hawaamui sawa. Mpaka, hata hivyo, upo. Kuinua kilicho dhaifu kwa kipimo kimoja picha nzima ni kutafsiri. Kupaka mahali ambapo mwanga haukufika ni uongo.

Anayetaka kuuona mpaka huo aitazame tena picha ya 1995, pembe ya juu kulia. Kamera moja kati ya nne zilizoipiga ilikuza zaidi ya zenzake. Sehemu yake ilipopunguzwa ilingane na nyingine, likabaki pengo lenye umbo la ngazi. Wangeweza kuliziba kwa mawingu ya kubuni. Waliliacha jeusi.