Kilatini Juu ya Ngoma za Kasai

Santuri ya Missa Luba, iliyopigwa mwaka 1958 na kwaya ya Kamina katika Katanga, nchini Kongo, ina Misa upande mmoja, na upande wa pili nyimbo za harusi, za kazi, za askari na za kuondoa matanga. Na msikilizaji asiyejua Kilatini, lau angalipewa sahani ile bila jalada lake, yamkini angalisita kabla ya kusema upi ni wa kanisani na upi wa uwanjani. Kwa rai yangu, ustadi wote wa kazi ile umo katika kusita huko.

Kwaya yenyewe, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, ilikuwa na wavulana wa shule kiasi cha 45 pamoja na walimu wao 15, chini ya Padre Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa haujaitishwa bado, na maneno ya ibada yalikuwa ya Kilatini, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Maadam maneno yalikuwa yamefungwa, uhuru ukatafutwa kwingineko: katika lahani, katika mdundo, na katika kupokezana baina ya mwimbishaji na waitikiaji. Hawakuandikiwa noti, kila sehemu ya Misa ilipewa mtindo ambao waimbaji walikuwa nao tangu utotoni, na ndani ya mtindo huo wakabuni papo kwa papo. Fauka ya hayo, Kiluba, lugha ya wenyeji wa huko, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno, hata mtunzi hulazimika kuifuata kauli, ilhali Kilatini hakina sharti hilo. Nadhani lugha ile ngeni, iliyodhaniwa kuwa pingu, ndiyo iliyomwacha mwimbaji aipeleke sauti atakako.

Tazama jinsi mitindo ilivyochaguliwa. Kyrie ina maneno machache yanayorudiwa, nayo hupokelewa kwa urahisi na kundi lolote lililozoea kuitikia. Credo ndiyo yenye taabu, kwa kuwa ni ndefu, haina kiitikio, na mambo yake hufuatana kama orodha. Lakini kasala, yaani utenzi wa Waluba wa sifa na maombolezo, ni fani iliyozoea kubeba orodha ndefu za majina na nasaba kwa pumzi ya haraka, basi mwimbaji pekee hutangulia na matini, na kwaya humshikia nyuma bila kumwacha aelemewe. Sanctus ikawekwa juu ya wimbo wa kuagana, kwa mwendo wa pole, sauti zikiandamana sambamba. Kisha ifikapo Hosanna, mdundo wa dansi ya jimbo la Kasai huingia, na utukufu uliokuwa ukinong'onwa sasa huchezwa. Mtunzi wa kwenye karatasi angaliweka daraja la kupitia hapo. Hawa hawakuliweka, na hawakulihitaji.

Mwaka 1990 Muungano National Choir ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliipiga tena Misa hii, ikaiambatanisha na nyimbo za kienyeji za Kenya, na hivyo ikahifadhi ule mpango wa dini na dunia katika sahani moja. Hapo mushkili ukageuka. Kilichobuniwa mara moja Kamina kilikuwa kimekwisha kuwa matini, na wanakwaya watu wazima, wanawake wakiwa mahali pa wavulana, walijifunza kama utunzi kile ambacho asili yake kilikuwa kipawa cha dakika ile. Sauti zao zimeiva kuliko za Kamina, na besi zao zina uzito ambao walimu wale 15 hawakuweza kuutoa. Walakini mwimbaji pekee husikika akiifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Katika zile nyimbo za Kenya, kwa sikio langu, ndipo anapojiachia, akichelewa kidogo kabla ya kupokelewa, akirefusha neno apendavyo, na kwaya ikimngojea.