Samaki Aliyegeuka Fimbo

Kinachobaki kichwani baada ya Blackfish (2013), filamu ya Gabriela Cowperthwaite, si damu; ni kipenga. Orlando, Februari 2010: Tilikum, orka, anazunguka bwawa zima akipunga pezi. Mkufunzi wake, Dawn Brancheau, ameshapuliza kumwita aje ale samaki. Hakusikia. Kafanya zaidi ya alichoombwa, kakosa zawadi. Muda mfupi baadaye akamvuta majini, akamuua.

Filamu haiwagusi sokwe wa bustani za wanyama wanaonyoosha mkono wenyewe wachomwe sindano, malipo yao tunda. Pengo hilo. Lakini ikifika Sealand, Kanada, inaniweza. Huko Tilikum akikosea, mwenzake aliyefuzu naye alinyimwa chakula, na hasira akazimalizia kwake, kwa meno.